Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kutumia Biti Nyoofu za Rauta

Katika karakana nyingi za useremala jijini Mwanza, kuanzia Igoma na Buzuruga hadi Kirumba na Pasiansi, mashine ya rauta, inayokata mbao kwa biti (kipande chenye makali) inayozunguka kwa kasi, inajulikana zaidi kwa kazi za mapambo: kuviringisha kingo za meza, kuchora mistari kwenye milango na kutia nakshi kwenye vichwa vya vitanda. Kazi hizo huonekana na mteja huzipenda, ndiyo maana biti za nakshi ndizo zinazonunuliwa kwanza. Hata hivyo, kinacholifanya kabati lisimame imara kwa miaka mingi ni mfereji wa rafu, njia ya paneli ya mlango, tundu la ulimi (shimo linaloingiza ncha ya mbao nyingine kwenye kiungo) na nafasi ya kulaza bawaba, na kazi zote hizo hufanywa na biti nyoofu, yaani ile inayokata mfereji wenye kuta zilizonyooka wima. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuichagua dukani, kuifunga, kuiongoza na kuitunza, kwa kuzingatia mbao tunazozitumia Kanda ya Ziwa na hali ya umeme tuliyonayo.

Kanuni moja itakuwa inajirudia katika maelezo yote, nayo ni kwamba biti nyoofu inapaswa kuwa nene kadiri upana wa mfereji unavyoruhusu na fupi kadiri kina kinavyoruhusu. Fundi akiifuata kanuni hiyo, sehemu kubwa ya matatizo ya biti hizi, yaani kuta za mfereji zilizopinda, mbao kuungua, mashine kutetemeka na biti kukatika, hayatamfikia.

Anza kwa kupima shina

Kabla hujatazama makali, tazama shina, yaani sehemu ya mviringo inayoingia kwenye koleti, ile pete ya mashine inayoibana biti. Madukani kwetu huingia mashine za mifumo miwili ya vipimo. Zipo zenye koleti za inchi, yaani robo inchi (milimita 6.35) na nusu inchi (milimita 12.7), na zipo zenye koleti za milimita 6, 8 na 12. Kwa macho tu, shina la milimita 6 na la robo inchi hayatofautiani, na hapo ndipo hatari ilipo. Shina la milimita 6 likifungwa kwenye koleti ya robo inchi, koleti hulazimika kubana kupita kiasi ilichotengenezewa, hivyo hulishika shina kwa sehemu ndogo tu. Mashine ikianza kukata, biti hushuka polepole kuingia ndani ya mbao na mfereji wa kina cha milimita 6 humalizikia kwenye milimita 9, au biti huchomoka kabisa ikiwa inazunguka mara 20,000 kwa dakika. Ni vivyo hivyo kwa milimita 12 na nusu inchi. Nenda dukani na kaliba, yaani kifaa cha kupimia unene, pima shina la biti, na ulinganishe na maandishi yaliyochongwa kwenye koleti ya mashine yako. Usikubali kuambiwa kwamba vipimo hivyo viwili ni kitu kimoja.

Ikiwa mashine yako inakubali koleti mbili, chukua biti yenye shina nene hata kama ni ghali zaidi. Ugumu wa fimbo ya mviringo dhidi ya kupinda huongezeka kwa kipeo cha nne cha unene wake, kwa hiyo shina la nusu inchi ni gumu mara 16 kuliko shina la robo inchi lenye urefu uleule. Tofauti hiyo utaiona kwenye kuta za mfereji na utaisikia mikononi.

Unene na urefu wa makali

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotawala sehemu ya makali. Biti ya milimita 6 ikisukumwa kwa nguvu ileile inapinda mara 16 zaidi ya biti ya milimita 12 yenye urefu sawa. Urefu nao una adhabu yake, kwa kuwa ukiongeza mara mbili sehemu inayoning'inia nje ya koleti, kupinda huongezeka mara nane. Wavuvi wanaosukuma mitumbwi kwa upondo wanalijua jambo hili vizuri, kwani upondo mwembamba ukishikwa mbali hupinda kabla chombo hakijasogea. Biti ya kabaidi, yaani yenye makali ya madini magumu kuliko chuma, haipindi mbele ya macho yako, bali inapinda kwa sehemu ndogo ya milimita, na sehemu hiyo ndogo inatosha kuufanya mfereji uwe mpana kuliko ulivyokusudia na kuuacha ukuta wake na mawimbi.

Kwa hiyo, usinunue biti yenye makali ya milimita 50 kwa kufikiri kwamba itafanya kazi za kina na za juujuu pia. Kwa mifereji ya rafu na nafasi za bawaba, makali ya milimita 20 hadi 25 yanatosha kabisa. Biti ndefu iwekwe kwa ajili ya matundu ya ulimi peke yake. Ukiwa na fedha ya kununua biti tatu tu, ningekushauri uchukue ya milimita 6 kwa njia nyembamba, ya milimita 12 fupi kwa kazi za kila siku, na ya milimita 12 ndefu kwa matundu. Biti ya milimita 18 au 19 inavutia kwa sababu inaelekea kulingana na plaiwudi, lakini, kama itakavyoelezwa hapa chini, mara nyingi hailingani nayo.

Makali mangapi, na ya kitu gani

Biti nyoofu ya kawaida ina makali mawili yanayotazamana, na hiyo ndiyo inayoacha ukuta laini. Yenye ukali mmoja ina mfereji mpana wa kutolea unga wa mbao, hivyo inapita haraka na haizibi upesi, lakini ukuta wake ni wa kukwaruza kidogo. Inafaa kwa kazi ambayo haitaonekana. Biti nyembamba sana nazo mara nyingi hutengenezwa na ukali mmoja kwa sababu hazina nafasi ya makali mawili.

Zipo pia biti za mzunguko, ambazo makali yake yamejipinda kama ya biti ya kutobolea. Zinazovuta juu hutoa unga kwenye shimo vizuri mno na zinafaa kwa matundu ya ulimi, lakini huchana nyuzi za uso wa mbao na hujaribu kujichomoa kwenye koleti, jambo linalotaka koleti iwe safi na iliyokazwa vema. Zinazosukuma chini huacha uso safi kabisa kwenye plaiwudi, ila hushindilia unga ndani ya mfereji. Biti hizi ni ghali na hukatika zikiangushwa sakafuni, kwa hiyo fundi anayeanza asianze nazo.

Kuhusu malighafi, biti zenye alama ya HSS ni za chuma kigumu kinachonoleka kwa urahisi na kupata ukali mzuri sana kwenye paina, lakini hupoteza ukali huo haraka kwenye mbao ngumu, na kwenye plaiwudi na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) gundi iliyomo huzimaliza mapema mno. Biti za kabaidi, ambazo vipande vya kabaidi vimechomelewa kwenye mwili wa chuma, hudumu muda mrefu zaidi. Kwa fundi wa Mwanza anayefanya milango ya mninga leo na makabati ya jikoni ya plaiwudi kesho, kabaidi ndiyo ya kununua.

Kuikagua biti mkononi

Omba kuitoa kwenye kiboksi chake. Kwanza, tazama mahali kabaidi inapokutana na chuma, ambapo mchomeleo unapaswa kuwa mstari mwembamba usiokatika. Ukiona vishimo au ufa, iache, maana kipande cha kabaidi kikibanduka kazini kinaruka kama risasi. Pili, pitisha ukucha taratibu kwenye makali, nawe utahisi mara moja ukikuta mahali palipomeguka. Tatu, igeuze uitazame kwa chini. Ili biti iweze kushuka wima ndani ya mbao, lazima iwe na makali ya chini yanayofika hadi katikati au kuvuka kidogo. Biti ambayo katikati yake ni chuma kitupu itakata ukiiingiza kutoka ubavuni, lakini ukiishusha wima itasugua, itatoa moshi na kubabua mbao. Nne, tafuta maandishi ya kasi ya juu inayoruhusiwa. Biti isiyo na maandishi yoyote, si ya kipimo wala ya kasi, haistahili imani yako.

Mbao za kwetu na tabia zake chini ya biti

Mninga unakata vizuri na kuacha ukuta safi, ndiyo sababu unapendwa kwa milango. Mkongo ni mgumu zaidi, na hapo kina cha kila mpito, yaani kila mara mashine inapopita, kinapaswa kupunguzwa. Mvule una jambo lake la pekee, kwa kuwa ndani ya mti huo hujijenga viini vigumu vya madini ya chokaa ambavyo huwezi kuviona juu ya ubao uliopigwa randa, na biti ikikutana na kimojawapo ukali humeguka papo hapo. Ukisikia mlio umebadilika ghafla ukiwa kwenye mvule, simamisha mashine na utazame kabla ya kuendelea. Mtiki una mchanga laini wa silika ndani ya nyuzi zake, nao huyala makali polepole bila ishara yoyote ya ghafla.

Paina, ziwe zile za Mufindi au za misitu ya kupandwa ya kwetu kama Buhindi na Rubya, ni laini lakini zina utomvu, ambao hushika kwenye makali, hupata joto na kuwa gome jeusi. Fundi huona moshi akadhani biti imekufa, kumbe inahitaji kusafishwa tu. Plaiwudi nayo ina gundi ngumu kati ya tabaka, na kwa sababu gundi hiyo iko kwenye urefu uleule wa biti kila mara, utaona makali yameliwa mistari mahali palepale. Dawa yake ni kubadilisha kidogo kina cha biti mara kwa mara ili sehemu nyingine ya makali nayo ifanye kazi.

Kuifunga biti

Chomoa waya wa mashine kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, kwa sababu unaiweka mikono yako miwili kwenye makali. Futa koleti ndani kwa kitambaa kikavu, kisha ufute shina. Unga kidogo wa mbao ukibaki ndani, shina hukaa upande na biti huzunguka kwa kuyumba. Hapa kandokando ya ziwa, hasa miezi ya masika, koleti iliyoachwa bila kufutwa huota kutu ya juujuu. Isugue kwa brashi ya shaba, wala usitumie msasa, ambao utaipanua.

Ingiza shina hadi ligonge chini, kisha ulivute juu milimita 2 au 3. Kuna sababu mbili za kufanya hivyo: koleti inapokazwa huvuta shina kwenda chini, na likiwa limegota halibanwi sawasawa, tena biti inapopata joto hurefuka kidogo na inahitaji nafasi. Hakikisha walau robo tatu ya urefu wa shina imo ndani ya koleti. Ukijikuta unalitoa shina nje ili kufikia kina unachokitaka, ujue umechukua biti fupi kwa kazi ndefu, na hapo badilisha biti. Vilevile, usiliingize shina mpaka koleti ishike ile sehemu inayotanuka kuelekea makali, kwani hapo haibani kitu. Kaza kwa spana, kisha izungushe biti kwa mkono uone kama inayumba.

Kasi ya mzunguko na kasi ya mkono

Kipimo kinachofuatwa na watengenezaji wengi ni kwamba biti isiyozidi milimita 25 inaweza kuzungushwa hadi mara 24,000 kwa dakika, ya milimita 25 hadi 50 ishushwe karibu na 18,000, na zaidi ya hapo ishuke hadi 16,000 au 12,000. Sababu yake ni mwendo wa ukingo wa biti: biti ya milimita 50 ikizunguka mara 24,000 kwa dakika, makali yake hupita kwa mwendo wa karibu kilomita 226 kwa saa. Biti nyoofu nyingi ni nyembamba, kwa hiyo suala hili halitakusumbua mara kwa mara, lakini ukinunua biti pana ya kusawazisha uso wa mbao, likumbuke.

Linalosumbua zaidi ni mwendo wa mkono. Chukua biti ya makali mawili inayozunguka mara 20,000 kwa dakika. Kila dakika inakata mara 40,000. Ukiisukuma mita 4 kwa dakika, kila ukali unaondoa tabaka la unene wa milimita 0.1, yaani chembe halisi ya mbao inayobeba joto na kuondoka nalo. Ukiisukuma mita 1 tu, kila ukali unapata milimita 0.025, na kwa unene huo ukali haukati, unasugua. Joto linabaki kwenye biti, mbao inakuwa nyeusi, na ukali unakwisha. Fundi mwangalifu anayeenda polepole mno kwa kuogopa kuharibu ndiye anayeunguza. Ukiona weusi, kwanza ongeza mwendo wa mkono au punguza mzunguko, na ikishindikana ndipo uichunguze biti.

Tazama unga unaotoka. Chembe unazoweza kuzihisi kati ya vidole zinaonyesha kwamba mambo ni sawa, na vumbi laini kama unga wa muhogo kutoka kwenye mbao ngumu ni dalili kwamba biti inasugua. MDF peke yake hutoa vumbi hata ukifanya kila kitu sawasawa.

Mwelekeo wa kusukuma

Ukitazama rauta ya mkono kutoka juu, biti huzunguka kufuata mwelekeo wa saa. Ukiisukuma mbele, mbali nawe, meno yaliyo mbele yanapita kutoka kushoto kwenda kulia, na mbao inaisukuma mashine kuelekea kushoto. Kwa hiyo rula ya kuongozea iwe upande wa kushoto wa mashine, ili nguvu hiyo iibane mashine kwenye rula badala ya kuiondoa. Ukiiweka kulia, mashine itatangatanga na mfereji utakuwa kama njia ya ng'ombe.

Kwenye kingo za nje za ubao, zunguka kinyume cha saa. Ndani ya dirisha au tundu lililo wazi, zunguka kufuata saa. Ukienda kinyume cha hapo, meno yatashika mbao na kuiburuta mashine mbele yako kwa kasi usiyoitarajia. Ukikata kuzunguka ubao wote, anza na ncha zenye nyuzi zilizokatwa, kisha malizia pande ndefu, ili pale nyuzi zinapochanika kwenye kona mpito unaofuata uondoe mchaniko huo.

Mfano wa kazi: mfereji wa rafu kwenye kabati

Tuseme unatengeneza kabati la vyombo la plaiwudi ya milimita 18. Kabla ya yote, pima rafu yenyewe kwa kaliba katika sehemu tatu. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 18 mara nyingi ni pungufu, na tuseme hii yako ni milimita 17.4. Ukiukata mfereji kwa biti ya milimita 18, rafu itacheza na gundi haitashika. Ndiyo maana tunatumia biti ya milimita 12 na kukata mara mbili, tukiupanua mfereji hadi kipimo cha rafu iliyopo mkononi.

Pima kitako cha mashine, yaani bamba la chini linaloteleza juu ya mbao. Tuseme ni duara la milimita 150. Umbali kutoka ukingo wa biti hadi ukingo wa kitako ni 150 toa 12, gawanya kwa 2, sawa na milimita 69. Huo ndio umbali wa kuiweka rula kutoka kwenye mstari wa mfereji. Kwa rafu nyingi, ni bora kutengeneza kiongozi cha rula mbili zinazokwenda sambamba, mashine ikipita katikati. Nafasi kati ya rula hizo ni upana wa kitako pamoja na tofauti kati ya rafu na biti: 150 na 5.4, sawa na milimita 155.4. Unasukuma mbele ukibana kwenye rula ya kushoto, unarudi ukibana kwenye rula nyingine, na kwa kuwa sasa mashine inakujia, rula hiyo nayo iko upande wa kushoto wa mwendo. Pande zote mbili zinakatwa kwa mwelekeo ulio salama, na mfereji unatoka na upana uleule kila mara.

Vitako vingi vya mviringo havina biti katikati kabisa. Weka alama ya kalamu kwenye kitako, na uhakikishe alama hiyo inatazama upande uleule tangu mwanzo wa mpito hadi mwisho. Ukiizungusha mashine mkononi ukiwa njiani, mstari utapinda hata kama rula imenyooka.

Kina cha mfereji kwenye ubao wa milimita 18 kiwe milimita 6, yaani theluthi ya unene. Kata milimita 3 kwanza, kisha 3 nyingine. Jaribu kwanza kwenye kipande cha masalio ya plaiwudi ileile, uingize rafu: inapaswa kuingia kwa kusukumwa na kiganja, bila nyundo na bila kulegea. Mwishoni mwa ubao, pale biti inapotokea, funga kipande cha mbao kwa klampu kikiwa kimegusana na ukingo ili nyuzi zisichanike. Pitisha kisu kikali juu ya mistari miwili ya mfereji kabla ya kuanza, nao uso wa plaiwudi utabaki safi.

Njia ya paneli na tundu la ulimi

Kwenye mlango wa mninga, njia ya paneli hukatwa kwenye ubavu wa mbao ya fremu, na ubavu huo ni mwembamba, hivyo mashine huelekea kuinamia upande mmoja. Funga mbao ya pili sambamba na ile unayoikata, nyuso zikiwa sawa, ili kitako kipate mahali pa kukalia. Kata milimita 4 hadi 5 kwa kila mpito mpaka ufikie kina cha milimita 12. Paneli yenyewe ipunguzwe kidogo kuliko nafasi yake, milimita 2 kila upande, wala isitiwe gundi. Mninga uliokauka kiangazi hutanuka masika, na paneli iliyobanwa itaisukuma fremu mpaka viungo viachie.

Tundu la ulimi lenye upana wa milimita 12 na kina cha milimita 40 ndiyo kazi inayovunja biti nyingi, kwa sababu hapo ile kanuni ya ufupi haiwezi kufuatwa. Ipunguzie biti mzigo: toboa kwanza matundu kadhaa kwa drili ndani ya mstari, ukitumia biti ya kutobolea ya milimita 10, ndipo uingie na rauta kusafisha kuta. Shuka milimita 5 kwa kila mpito na uondoe unga kila unapomaliza mpito mmoja, maana unga uliojaa tundu hukatwa tena na tena na kuzaa joto. Ncha za tundu zitatoka mviringo. Unaweza kuzifanya mraba kwa patasi, au kuviringisha ulimi kwa tupa, ambayo ni kazi ya haraka zaidi na yenye nguvu ileile.

Biti nyoofu yenye beringi

Beringi ikikaa juu ya makali, karibu na shina, inafuata kiolezo kilichofungwa juu ya kazi, na hiyo ndiyo ya kulazia bawaba na vitasa. Beringi ikiwa kwenye ncha, inafuata kiolezo kilicho chini, nayo inafaa kusawazisha kingo za laminati. Kiolezo kikatwe kwenye MDF ya milimita 12 na kingo zake zipigwe msasa hadi ziwe laini, kwa sababu kila kasoro ya kiolezo itahamia kwenye kazi kama ilivyo.

Umeme, vumbi na mwili wako

Umeme ukikatika ukiwa kazini, zima swichi ya mashine papo hapo kabla hujafanya lolote lingine. Mashine nyingi hazina kinga ya kujizuia kuwaka, na umeme ukirudi rauta iliyoachwa ikiwa imewashwa itaruka kutoka mezani. Umeme ukiwa hafifu, mashine inapoteza nguvu na biti inaanza kusugua, hivyo punguza kina cha mpito au ahirisha kazi. Waya wa kuongezea urefu uwe mnene, wa milimita za mraba 2.5 kwa umbali mrefu, na uukunjue wote sakafuni kwa sababu ukiwa umeviringishwa hupata moto.

Vaa miwani, vizibo vya masikio na barakoa. Vumbi la mvule hasa huwasha macho, ngozi na kifua, na wapo ambao miili yao hulikataa kabisa. Upepo wa mchana hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na fundi anayefanya kazi uani anaweza kujipanga upepo umpige mgongoni na kuondoa vumbi mbele yake. Funga mikono mirefu ya shati, na usishike mbao kwa mkono mmoja na mashine kwa mkono mwingine. Klampu mbili ndizo zishike mbao.

Kusafisha na kunoa

Utomvu ulioganda uondoe kwa kulaza biti kwenye mafuta ya taa kwa muda, kisha kuisugua kwa mswaki wa zamani na kuikausha. Kama ina beringi, itoe kwanza, kwa sababu mafuta ya taa huyeyusha grisi iliyomo ndani yake. Usikwangue kabaidi kwa kisu au bisibisi, kwani ni ngumu lakini inameguka.

Biti ya kabaidi iliyoanza kuchoka inaweza kunolewa kwenye karakana kwa kijiwe bapa cha almasi. Lowesha kijiwe kwa maji, ulaze bapa uso wa ndani wa ukali, yaani ule unaotazama mfereji wa kutolea unga, na usugue taratibu. Usiguse kamwe upande wa nje wa mgongo wa ukali, maana huo ndio unaobeba kipimo cha biti. Hesabu misuguo na uipe kila ukali idadi ileile, la sivyo ukali mmoja utabaki na kazi yote na biti itatetemeka. Kumbuka kwamba kila kunoa kunapunguza kipenyo kidogo, hivyo biti iliyoandikwa milimita 12 ipimwe upya kwa kukata mfereji kwenye masalio na kupima mfereji huo. Andika kipimo kipya kwenye kipande cha karatasi ukiweke pamoja na biti, kwa kuwa ndicho utakachokitumia kwenye hesabu ya rula.

Ukali ukiwa umemeguka kiasi cha kuonekana kwa macho, kijiwe hakitausaidia. Biti hiyo iondolewe kwenye boksi la zana ili mwanafunzi wa karakana asije akaichukua kwa bahati mbaya, na zilizobaki zipangwe zikiwa zimesimama kwenye ubao uliotobolewa matundu, kila moja na tundu lake, makali yasigusane, baada ya kupakwa mafuta mepesi ya mashine kwenye shina na mwili. Siku ya kuzitumia, mafuta hayo yafutwe yote kwenye shina kabla halijaingia kwenye koleti.